Kabari au Sambamba: Mabishano ya Karne Nzima Kwenye Theluji

Kwa zaidi ya miaka 100, walimu wa mchezo wa kuteleza kwenye theluji wamebishana jinsi ya kumwanzisha mtu asiyewahi kuvaa skii. Wapo wanaosema aanze na kabari: ncha za mbele zikaribiane, nyuma kupanuke, kingo za ndani zikwaruze theluji na mwendo upungue. Wengine wanataka azoee kuziweka skii sambamba tangu siku ya kwanza. Mabishano hayo yamebeba fahari ya mataifa na majina ya mabingwa, lakini ukiyafuatilia utaona kwamba kilichoamua zaidi ni urefu wa skii.

Mathias Zdarsky wa Lilienfeld, Austria, alilitambua hilo mapema. Mwishoni mwa miaka ya 1890 alifupisha skii za Kinorwei, ambazo zilikuwa ndefu mno kwa miteremko mikali ya Alps, akaboresha kifungio cha kiatu na kufundisha kushuka kwa kona, fimbo ikiwa moja. Baada yake alikuja Hannes Schneider, mwalimu wa St. Anton tangu 1907, aliyelipanga somo kwa ngazi: kabari, kona ya kabari, kisha kona ambayo skii hupanuliwa mwanzoni na kufungwa mwishoni. Mwanafunzi alipanda darasa kadiri alivyoiweza ngazi yake. Wanazi walipoitwaa Austria mwaka 1938 walimkamata. Mwaka uliofuata alihamia North Conway, Marekani, akaendelea kufundisha.

Pingamizi zito lilitoka Ufaransa. Émile Allais, bingwa wa dunia wa 1937, alijenga mfumo uliosisitiza kuteleza kiubavu na kuzungusha mwili, skii zikiwa sambamba. Wanaoikataa kabari husema hujenga mazoea magumu kuyaacha, na wana haki kwa kiasi fulani: anayeing'ang'ania huchoka mapaja, na mteremko ukizidi ukali haimsimamishi. Lakini enzi hizo skii ilipimwa kwa mkono ulioinuliwa juu ya kichwa, hivyo kwa wengi ilizidi mita 2. Kuigeuza sambamba kulihitaji kasi, na kasi ndiyo inayomtisha anayeanza. Bingwa aliimudu, karani mwenye likizo ya wiki moja angeimudu wapi? Huyo alihitaji breki kwanza, kwa sababu mwenye hofu hukakamaa, na mwili uliokakamaa haufundishiki.

Mmarekani Clif Taylor alilishika tatizo kwenye shina lake. Katika mfumo wake, uliovuma Marekani miaka ya 1960, mwanafunzi alianza na skii za kama mita 1, akageuka sambamba mapema, kisha akapewa ndefu zaidi hatua kwa hatua. Wakosoaji walisema skii fupi hutikisika kwenye kasi. Ni kweli, ila anayeanza haitafuti kasi hiyo. Mwaka 1993 kampuni ya Elan ya Slovenia ilitoa skii zilizobonyea kiunoni, zinazojipinda zenyewe zikilazwa ubavuni; baada ya hapo skii za watu wote zikafupishwa.

Kabari ingali inafundishwa, na inastahili kubaki kama breki ya siku za kwanza, mradi mwalimu asimwache mwanafunzi akae humo. Kwa hiyo ukichagua shule, uliza kwanza utapewa skii za urefu gani, ndipo uulize mfumo wao unaitwaje.