Misuli Hujengwa Jikoni: Chakula cha Pwani Chatosha

Vijana wengi wa Kibokoni, Kuze na Bondeni siku hizi wananyanyua vyuma, na hilo ni jambo la kheri. Shida huanza wanapoulizana wanunue kopo gani la unga wa protini. Pesa za kitoweo cha nyumba nzima zaishia kwenye kopo la mtu mmoja, na wengine huvuka mpaka wakadungwa sindano. Kabla ya kufika huko, tuangalie mwili wahitaji nini na chapatikana wapi hapa kisiwani.

Kiasi gani?

Mazoezi huuchosha msuli, kisha protini na usingizi huujenga upya. Mtu asiyefanya mazoezi hutosheka na takriban gramu 0.8 za protini kwa siku kwa kila kilo ya uzito wake. Kwa anayenyanyua vyuma, uchambuzi wa mwaka 2018 uliojumuisha majaribio 49 ulionyesha kuwa ukipita gramu 1.6 kwa kilo, faida ya ziada ni ndogo mno. Kwa hivyo kijana wa kilo 65 ahitaji kama gramu 104.

Zapatikana wapi?

Yai moja lina gramu 6. Gilasi ya maziwa au mtindi, 8. Kikombe cha mbaazi zilizopikwa, 11. Cha pojo, 14. Samaki aliyepikwa wa gramu 100 hukupa zaidi ya 20, na jodari na pweza humzidi. Papa mkavu pia ana protini nyingi, lakini chumvi yake si ya kila siku, hasa kwa mwenye presha.

Siku moja yaweza kwenda hivi. Asubuhi: mayai matatu, kikombe cha mbaazi na gilasi ya maziwa, gramu 37. Mchana: wali na samaki wa gramu 150, kama 37. Usiku: pojo, chapati mbili na gilasi ya mtindi, kama 30. Jumla ni 104, bila kopo. Ni bora kugawa hivyo kuliko kushinda na chai ya rangi kisha kula kuku mzima usiku.

Wanga usiuache. Wali, muhogo na viazi ndizo kuni za mazoezi. Bila hizo mwili huichoma protini badala ya kujengea. Ila mahamri na viazi vya karai ni mafuta mengi na protini kidogo, kwa hivyo visijaze sahani peke yake.

Mwezi wa Ramadhani

Futari yetu ina muhogo, viazi vitamu na ndizi kwa wingi. Ongeza samaki au pojo, na daku iwe na mayai na mtindi, si chai na mkate tu. Mazoezi mazito yangoje baada ya tarawehe, ukishakunywa maji ya kutosha.

Kopo na sindano

Unga wa protini mwingi hutokana na maziwa. Si sumu wala si uchawi. Ni chakula kilichokaushwa, na bei yake ni ya urahisi. Soma maandishi ya kopo, na ukinunua vidonge vya jelatini, hakikisha ni halali.

Sindano za steroidi ni jambo jingine kabisa. Hizo ni homoni. Huweza kusimamisha utengenezaji wa mbegu za kiume, kukuza matiti ya mwanamume, kuharibu ini na kudhuru moyo. Kijana anayetaka kifua cha kuonyesha siku ya harusi yake aweza kukosa mtoto baada ya harusi.

Na wazee je?

Msuli hupungua kadiri umri unavyosonga, na mzee huhitaji protini zaidi, gramu 1 hadi 1.2 kwa kilo. Lakini wazee wetu wengi hula chai na kipande cha mkate usiku, kisha wapanda ngazi zenye mwinuko za nyumba za Mji wa Kale kwa miguu isiyo na nguvu. Yai moja na gilasi ya mtindi kila usiku huwasaidia, pamoja na kutembea kidogo. Mwenye maradhi ya figo au sukari amuone daktari kabla ya kubadilisha kiasi.

Jipime uzito, zidisha kwa 1.6, kisha hesabu kilichomo sahanini. Wengi wataona kilichopungua ni yai au kipande cha samaki.