Ukoo Ulioandamwa na Saratani ya Tumbo

Wiki hii, ndugu msikilizaji, nakupeleka mbali, New Zealand, kwa ukoo mmoja wa Wamaori. Katika miaka kama 30 ukoo huo ulizika watu zaidi ya 25, wote kwa saratani ya tumbo, na mdogo wao alikuwa na miaka 14 tu. Wapo waliosema ni laana. Siwacheki. Hata huku kwetu, vifo vikifuatana katika nyumba moja, nani hamtazami jirani kwa jicho la shaka?

Wenyewe wakachoka kuzika. Katikati ya miaka ya 1990 waliwaendea watafiti wa Chuo Kikuu cha Otago, wakaomba chanzo kitafutwe. Nasisitiza: walioanza ni wanaukoo, si madaktari. Mwaka 1998 Parry Guilford na wenzake walitangaza katika jarida la Nature kwamba kasoro imo katika jeni iitwayo CDH1, ambayo kazi yake ni kutengeneza protini ya kushikamanisha chembe za mwili. Mtoto wa mwenye kasoro ana nafasi moja kati ya mbili ya kuirithi.

Ubaya wa saratani hii ni kwamba haianzi kwa uvimbe. Chembe zake hutawanyika chini ya utando wa ndani wa tumbo, juu pakabaki pazuri. Daktari akipitisha kamera kooni aweza kuona tumbo safi kabisa.

Kinga ya uhakika, basi, ni kisu: kuondoa tumbo zima mapema. Upasuaji wenyewe si mgeni, Karl Schlatter aliufanya Zurich mwaka 1897. Umio huunganishwa na utumbo mwembamba, na mtu huishi, ila hula kidogo kidogo mara nyingi, na huhitaji vitamini B12 maisha yake yote, aghalabu kwa sindano.

Sasa mfikirie kijana mzima, hana hata kiungulia, anaambiwa atolewe tumbo. Wapo wanaochagua kuchunguzwa kila mwaka badala yake, nami siwalaumu. Lakini wengi katika ukoo ule walikubali kisu. Matumbo yao yalipokatwa vipande vyembamba na kuwekwa chini ya darubini, mengi yalikutwa tayari na vidoa vya saratani ambavyo kamera haikuviona.