Chura, limau na umeme

Tulipokuwa darasa la sita, mwalimu wetu alileta malimau manne. Kila moja alilichomeka msumari wa bati na kipande cha waya wa shaba, akayaunganisha, na taa ndogo nyekundu iliyotoka kwenye redio mbovu ikawaka. Tulipiga makofi. Akasema, "Mnaona? Limau lina umeme." Niliamini hivyo kwa miaka, na labda nawe msomaji uliambiwa hivyo hivyo.

Kosa hilo lina wazee wake. Huko Bologna, Italia, tabibu Luigi Galvani aliona miguu ya chura aliyekufa ikirukaruka ilipoguswa na metali mbili tofauti. Mwaka 1791 akaandika kwamba umeme umo ndani ya mnyama. Alessandro Volta, profesa wa Pavia, alikubali kwanza, kisha akageuka: chura ni shahidi tu, watendaji ni zile metali mbili. Wakabishana hadi Galvani alipofariki mwaka 1798, akiwa amepoteza kazi kwa kukataa kuapa utii kwa serikali mpya iliyowekwa na Wafaransa.

Tarehe 20 Machi 1800 Volta alituma barua London. Alikuwa amepanga visahani vya fedha na zinki, katikati yake karatasi nene zilizoloweshwa maji ya chumvi. Umeme ukatoka, na chura hayupo. Hata hivyo Volta alishinda nusu tu. Alidhani kugusana kwa metali kunatosha, na kwamba hakuna kinachopungua.

Mwalimu mwenye malimau manne anaweza kuimaliza kesi hii mbele ya wanafunzi. Aondoe misumari, aweke shaba pande zote mbili: taa kimya, na malimau ni yale yale! Kisha arudishe misumari, malimau ayaweke kando, atumie vikombe vinne vya maji ya chumvi: taa inawaka tena. Limau ni njia tu. Kinacholipa gharama ni zinki iliyopakwa juu ya msumari, ambayo huyeyuka kidogo kidogo.

Wengi wetu tumeyaona hayo nyumbani bila kuyajua. Betri ya tochi ya kawaida, ile ya bei nafuu, ganda lake ni zinki. Ukiisahau ndani ya tochi, ganda huliwa hadi kutoboka, na uji ule mchafu humwagikia springi.