GOGO, UBAO NA FORODHA

Wasikilizaji, msafiri atokaye Iringa kwenda Mbeya hufika Mafinga, na kando ya njia huona marundo ya mbao za misindano zikingoja magari. Msindano huo si mti wa asili ya nchi. Asili yake ni Mexico. Hapa kwetu majaribio ya kupanda miti Sao Hill yalianza mwaka 1939, na baada ya uhuru msitu ukaenea vilima kwa vilima.

Basi mti mmoja huzaa bidhaa nyingi, na kila bidhaa yapasa iwe na jina mbele ya karani wa forodha. Zamani kila dola ilipanga majina ipendavyo. Kenya na Uganda ziliunganisha forodha zao mwaka 1917, na Tanganyika ikaingia kamili mwaka 1927. Hatimaye mataifa yakapatana huko Brussels mwaka 1983 juu ya orodha moja, nayo ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 1988. Humo miti imewekwa katika sura ya 44.

Tazameni mpango wake. Kuni na vumbi la mbao ni fungu 4401. Gogo, ingawa limeambuliwa magome au kuchongwa pande nne ovyo ovyo, lingali gogo, fungu 4403. Likipasuliwa kwa urefu, na unene ukizidi milimita 6, limekuwa ubao, fungu 4407. Hata ukipigwa randa haubadili jina. Lakini ukichongwa ulimi upande huu na mfuo upande huu, upate kuungana na mwenziwe, huhamia fungu 4409.

Je, haya ni mambo ya makarani tu? Sivyo. Tangu mwaka 2005 nchi za Afrika Mashariki zina umoja wa forodha: bidhaa za asili ya kwetu husamehewa ushuru, ila ziwe na cheti cha asili kinachozitaja sawasawa. Jina likikosewa, shehena husimama mpakani, na mbao mbichi huota ukungu. Tena dola ikitaka kuzuia magogo yasitoke nchini, ili kazi ya kupasua ibaki kwa vijana wake, hapana budi ijue gogo huishia wapi na ubao huanzia wapi.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na daftari la mpasuaji mbao huanza kwa jina.