Posho, Sombe na Matoke: Historia Sahanini kati ya Mbarara na Nakivale

Kutoka Mbarara hadi makazi ya wakimbizi ya Nakivale ni kilomita 60 hivi. Anayesafiri njia hiyo hudhani anatoka mjini kwenda shamba. Kwa upande wa chakula, nadai, mambo ni kinyume. Mbarara ndiyo iliyopewa hadhi ya jiji tarehe 1 Julai 2020, lakini jiko linalotawala pale ni moja. Nakivale, ambayo haina hadhi hiyo, utakula Bukavu asubuhi, Mogadishu mchana na Bujumbura jioni.

Jiko la Mbarara lina sababu zake. Mji huu ulikuwa makao ya utawala wa Ankole chini ya Waingereza, na Mkataba wa Ankole wa 1901 uliupa ufalme ule mipaka na machifu wanaotambulika. Ng'ombe wa pembe ndefu walikuwa mali na heshima, na bado utaiona historia hiyo katika eshabwe: samli iliyopigwa kwa maji baridi na chumvi ya mwamba hadi ikawa nyeupe, ikaletwa pamoja na matoke kwenye karamu. Haipikwi motoni. Ni chakula cha watu waliokuwa na maziwa ya kutosha, nao walitaka mgeni alijue hilo. Matoke yenyewe hutoka kwa wingi wilaya ya Isingiro, ambayo hadi 2005 ilikuwa sehemu ya Mbarara, na ndimo Nakivale ilimo.

Makazi haya yalianzishwa mwaka 1958 na kutangazwa rasmi 1960. Wengi wa wakazi wake wa kwanza walikuwa Watutsi waliokimbia machafuko ya Rwanda ya 1959. Mwaka 1982 watu wenye asili ya Rwanda walipofukuzwa katika mashamba yao ndani ya Ankole, maelfu walikimbilia Nakivale. Yaani makazi yaliwapokea hata watu ambao wengi wao walikuwa wameishi Uganda miaka mingi. Baadaye wakaja Wahutu wa Rwanda, Wasomali, Wakongo, Waethiopia, Waeritrea, na kuanzia 2015 Warundi wengi. Majina ya vijiji yanasimulia: kuna New Congo, kuna Kigali.

Kila kundi lilikuja na sufuria yake. Wakongo hutwanga sombe na kuipika muda mrefu, wakala na bugali au fufu ya muhogo, na akipatikana, samaki wa chumvi wanayemwita makayabu. Wasomali wana anjera ya asubuhi, wali wenye viungo na chai ya maziwa yenye iliki. Waethiopia wana injera yao, ndugu wa anjera kwa jina na kwa umbo, ingawa ukiwaambia hivyo wote wawili watakukatalia. Ziwa Nakivale huleta samaki wabichi kwa wote. Na katika kununua na kuuza, lugha inayowaunganisha wengi ni Kiswahili, jambo ambalo wanafunzi wa lugha hii hatulitafiti vya kutosha.

Hata hivyo nisiifanye Nakivale kuwa maonyesho ya mapishi. Sombe ya Bukavu huungwa kwa mawese. Ya Nakivale mara nyingi iliungwa kwa mafuta ya mgao. Mgao ndio mpishi mkuu wa makazi haya: mahindi, maharage, mafuta na chumvi viliingia katika kila jiko, la Msomali na la Mrundi pia.

Hapo ndipo neno posho linapotufaa. Katika Kiswahili sanifu posho ni chakula au fedha anayogawiwa mtu, askari au kibarua. Uganda neno limekuwa jina la ugali wenyewe, kwa sababu unga wa mahindi ulienea kama chakula cha kugawiwa watu wa kazi, kambi na shule. Mganda akisema anakula posho hafikirii mgao. Mkimbizi wa Nakivale analazimika kufikiri. Julai 2023 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, likikosa fedha, liligawa wakimbizi wa Uganda katika makundi matatu: wenye shida zaidi wapewe zaidi, wa kati wapewe kidogo, na wanaohesabiwa kujitegemea wasipewe kabisa. Mtu anaweza kuwa na posho sahanini lakini hana posho, na sentensi hiyo ina maana kamili.

Kujitegemea huko kunategemea vipande vya ardhi ambavyo vimezidi kuwa vidogo kadiri watu walivyoongezeka. Hata hivyo wakimbizi hulima mahindi na maharage, na wafanyabiashara huja kuyanunua na kuyapeleka nje ya makazi. Sahani ya posho na maharage anayopewa mwanafunzi wa bweni mjini Mbarara inaweza kuwa imelimwa New Congo, hakuna anayemwambia.