Makuti Chini ya Tairi: Historia Fupi ya Kukwama Pwani ya Kusini

Mara ya kwanza nilipokwama kwenye mchanga ilikuwa kusini ya Diani, njia ya ndani kati ya minazi, saa nane mchana, jua la utosi. Rafiki yangu alikuwa amejipanga si mchezo: winchi mbele ya gari, jeki ndefu ya shambani, pingu za chuma, na kamba ya rangi ya machungwa ambayo bado ilikuwa kwenye nailoni ya dukani. Alipoanza kuzungusha waya kwenye mnazi, mzee mmoja akatoka kwenye boma lake.

"Mwanangu, huo mnazi ndio unaonilisha."

Tukaomba radhi. Mzee akatuambia tutoe upepo kwenye tairi, tuchimbe mbele ya magurudumu, kisha akaita vijana wawili walete makuti makavu. Dakika ishirini baadaye tulikuwa kwenye ardhi ngumu, na winchi haikuwashwa kabisa. Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza: hivi vifaa tunavyovitolea maelfu ya shilingi vilitoka wapi, na kwa nini makuti yaliyashinda?

Tuanze kabla ya gari. Pwani hii ilijua kuvuta zamani. Ngalawa ikija ufuoni inavutwa na watu, chini kumepangwa magogo, na mmoja anatoa sauti ili wote wavute kwa pamoja. Harambee ni wito wa watu wanaovuta kitu kizito, kabla ya Jomo Kenyatta kuufanya kaulimbiu ya taifa mwaka 1963. Ndani ya wito huo kuna fizikia nzima: watu kumi wakivuta kila mmoja kwa wakati wake, mzigo hausogei.

Vita Kuu ya Kwanza ilifika hapa mapema. Oktoba 1914 majeshi ya Wajerumani yalishambulia Gazi, na Januari 1915 yakapigana na Waingereza Jasin, karibu na Vanga. Malori yalikuwepo kwenye vita vya Afrika Mashariki, lakini mvua za masika za 1916 ziliyazamisha matopeni. Ng'ombe na farasi waliuawa na mbung'o. Kilichobaki ni kichwa na mabega ya mtu. Mamia ya maelfu ya Waafrika walifanywa wapagazi, na makumi ya maelfu walikufa, wengi kwa magonjwa na njaa. Ukipita Kariakor Nairobi au Kariakoo Dar, unapita kwenye jina la kikosi chao. Kwa hiyo mtu akikwambia gari lilishinda njia za Afrika, muulize nani alilisukuma.

Makuti nayo yana ndugu zake mbali. Miaka ya 1920 na 1930, ofisa wa Kiingereza aitwaye Ralph Bagnold alikuwa akivuka jangwa la Misri na Libya kwa magari ya Ford. Alitumia vipande virefu vya chuma, vilivyotengenezwa awali kuezekea mahandaki ya vita, akavitandika chini ya tairi zilizozama. Alipunguza pia upepo ili tairi ilale pana juu ya mchanga. Vita vya Pili vilipokuja, Wamarekani wakatengeneza mabamba ya chuma yenye matundu kwa ajili ya viwanja vya ndege vya haraka, na baada ya vita madereva wa jangwani wakayageuza ngazi za mchanga. Zile mbao za plastiki zenye meno unazoziona juu ya magari ya watalii ni wajukuu wa chuma hicho. Kazi yake ni ileile ya makuti: kuipa tairi kitu cha kushika, na kutawanya uzito.

Huku kwetu chuo kikuu cha kukwama kilikuwa Safari Rally. Ilianza 1953 kama sherehe ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, na kwa miaka mingi ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika wakati wa Pasaka, yaani mwanzo wa masika. Mwaka 1963 magari 84 yalianza, yakamaliza 7. Mwaka 1968 yalianza zaidi ya 90, yakamaliza 7 tena. Mshindi miaka yote miwili alikuwa Nick Nowicki na mwenzake Paddy Cliff, kwa Peugeot 404, gari la kawaida la familia ambalo baadaye lilibeba abiria na mbuzi kote nchini. Baadhi ya magari ya Safari yalifungwa vikanyagio na vishikio nyuma, ili msomaji ramani apande na kurukaruka, uzito wake uisukume tairi kwenye tope. Kifaa cha kunasua gari kilikuwa mtu mwenyewe.

Winchi ilipata jina kubwa Kenya kupitia Rhino Charge, mashindano yaliyoanza 1989 kuchangia ua wa msitu wa Aberdare. Ua huo ulikamilika 2009, karibu kilomita 400. Lakini winchi inahitaji kitu cha kushikilia, na hapo Kwale ina somo lake. Kaya Kinondo, karibu na Galu, ni moja ya misitu mitakatifu ya Wamijikenda. Kaya kadhaa ziliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2008. Mgeni hufungwa kaniki kabla ya kuingia, na hakati hata kijiti. Waya wa chuma ukikaza kwenye shina hula gome, na mti uliovuliwa gome pande zote hufa. Ndiyo sababu mkanda mpana wa kuzungushia mti unafaa uwe wa kwanza kununuliwa na mwenye winchi. Na hata ukiwa nao, unaomba ruhusa kwanza.

Sasa, ukiniuliza ununue nini kabla ya kwenda Msambweni au Kinango, nitakwambia hivi: kipima upepo na pampu kwanza. Halafu spedi. Halafu mbao za mchanga, au angalau gunia na makuti. Kamba inayonyumbulika, yenye nguvu kupita uzito wa gari lako, na sehemu halisi za kuvutia zilizoshikamana na chesi. Usifunge kamba kwenye ule mpira wa chuma wa trela: ukikatika, unaruka kama risasi, na watu wameshakufa hivyo sehemu nyingi duniani. Watazamaji wasogee mbali, hasa watoto, maana gari likikwama kijiji kizima huja. Winchi iwe ya mwisho.

Tulipomaliza siku ile, rafiki yangu alitaka kumlipa mzee. Akakataa, akasema tuwape vijana ya soda, kisha tuyarudishe makuti tulipoyatoa, kwa sababu yalikuwa ya paa la jikoni. Tukayakung'uta mchanga mmoja mmoja, tukayapanga.