Kutoka Msomaji hadi Shabiki: Kuzaliwa kwa Ushabiki wa Bunilizi za Kisayansi na Fantasia nchini Japani, 1957–1983

1. Utangulizi

Historia ya bunilizi za kisayansi na fantasia nchini Japani kwa kawaida huandikwa kama historia ya kazi na watunzi wake. Masimulizi huanzia kwenye filamu ya Gojira iliyotolewa na kampuni ya Toho mwaka 1954, yakapitia roboti mtoto wa Tezuka Osamu, kisha yakaishia kwenye filamu za katuni zilizoenea duniani kote. Katika masimulizi ya namna hiyo shabiki hujitokeza mwishoni tu, tena kama mnunuzi wa kile ambacho wengine wamekwisha kukitengeneza.

Makala hii inautazama uwanja huo kutoka upande wa pili. Inajenga hoja kwamba, kati ya mwaka 1957 na 1983, kuwa shabiki nchini Japani hakukuwa tokeo la kuvutiwa na kazi fulani peke yake. Kulikuwa ni kujifunza matendo matatu: kuchapisha, kukutana na kutunga. Msomaji aliyejifunza matendo hayo aliingia katika jumuiya. Asiyejifunza alibaki kuwa mteja. Hoja hii inaibua swali gumu zaidi, ambalo wahusika wenyewe waligombana kwa sababu yake: ni nani aliyekuwa na haki ya kuitwa shabiki? Jibu lilibadilika mara tatu katika kipindi hicho, na kila badiliko liliwaingiza watu ambao waliotangulia hawakuwatarajia.

2. Usuli

Bunilizi za kisayansi hazikuwa ngeni nchini Japani baada ya Vita Kuu ya Pili. Riwaya ya Jules Verne kuhusu kuizunguka dunia kwa siku themanini ilianza kutolewa kwa Kijapani mwaka 1878. Mwaka 1900 Oshikawa Shunrō alichapisha hadithi ya manowari ya chini ya bahari, na kabla ya vita Unno Jūza alijipatia wasomaji wengi hasa miongoni mwa vijana. Hata hivyo, wasomaji hao hawakuwa jumuiya. Kila mmoja alisoma kwake, na utanzu wenyewe ulihesabiwa kuwa tawi dogo la hadithi za upelelezi au burudani ya watoto.

Mambo mawili yaliandaa mazingira mapya. La kwanza ni ukaliaji wa Japani na majeshi ya Marekani. Askari walioondoka waliacha vitabu vya bei nafuu na majarida ya hadithi, ambavyo viliishia katika maduka ya vitabu vikuukuu jijini Tokyo. Vijana waliojua Kiingereza kidogo walivinunua na kuvisoma kwa taabu, kamusi mkononi. La pili ni desturi ya dōjinshi, yaani jarida linalochapishwa na kikundi cha wenzi wanaoshiriki ladha moja ya fasihi. Desturi hiyo ilikuwa na mizizi ya tangu miaka ya 1880, pale kikundi cha Ken'yūsha kilipoanzisha jarida lake, na waandishi wengi walioheshimika walianzia humo. Kwa hiyo, kijana wa Kijapani aliyechapisha hadithi zake bila mhariri wala malipo hakuonekana kituko. Alikuwa akifuata njia iliyokwisha kupitwa na waliomtangulia.

3. Kuchapisha: Uchūjin na kizazi cha kwanza

Mwezi Mei 1957 Shibano Takumi, mwalimu wa hisabati wa shule ya sekondari, alianzisha jarida la Uchūjin. Jina hilo limeandikwa kwa alama zenye maana ya vumbi la angani, lakini likitamkwa husikika sawa na neno lenye maana ya kiumbe wa anga. Baadhi ya waanzilishi walikuwa wamefahamiana katika chama cha wachunguzi wa visahani vya angani. Jarida lilirudufishwa na kupelekwa kwa wanachama kwa posta.

Umuhimu wa Uchūjin unaonekana katika kisa cha Hoshi Shin'ichi. Hadithi yake fupi iliyotoka katika toleo la pili la jarida hilo ilichapishwa tena mwaka huohuo na Hōseki, jarida la kibiashara la hadithi za upelelezi, na Hoshi akawa mwandishi wa kulipwa. Baadaye alijulikana kwa zaidi ya hadithi fupi 1,000. Jarida la wapenzi lilifanya kazi ambayo hapakuwa na mchapishaji wa kuifanya: liligundua watunzi, likawapa wasomaji, likawazoesha kukosolewa. Komatsu Sakyō, ambaye riwaya yake ya mwaka 1973 kuhusu kuzama kwa Japani ilisomwa na mamilioni, na Tsutsui Yasutaka, aliyeanza kwa jarida alilolichapisha pamoja na ndugu zake mwaka 1960, walikulia katika mazingira hayohayo.

Soko lilifuata. Kampuni ya Hayakawa ilitoa toleo la kwanza la S-F Magazine, la Februari 1960, chini ya uhariri wa Fukushima Masami. Mwanzoni jarida hilo lilitegemea sana tafsiri za hadithi za Kimarekani, na Fukushima alikusudia kuupa utanzu huu hadhi ya fasihi ya watu wazima. Hapa panajitokeza mvutano wa kwanza. Kwa mhariri, heshima ya utanzu ilitegemea weledi. Kwa Shibano, uhai wake ulitegemea wapenzi wanaoandika bila kusubiri idhini. Mitazamo hiyo miwili haikupatanishwa kikamilifu, lakini kila mmoja ulihitaji mwenzake: jarida la biashara lilihitaji watunzi waliokomazwa na jarida la wapenzi, na wapenzi walihitaji jukwaa la kupandia.

4. Kukutana: mkutano kama shule

Tarehe 27 Mei 1962 wapenzi hao walikusanyika Meguro, Tokyo, katika mkutano wa kwanza wa taifa wa bunilizi za kisayansi, Nihon SF Taikai. Kielelezo chake kilikuwa mikutano ya mashabiki wa Marekani, ila mkutano wenyewe ulijengwa juu ya urafiki uliokwisha kuota kwa njia ya barua. Tangu hapo umeendelea kufanyika, kila mara chini ya waandaaji wa mji mwenyeji.

Mkutano ulikuwa shule. Mgeni alijifunza humo msamiati, mizaha, majina ya kutajwa na namna ya kubishana bila kuvunja urafiki. Mwaka 1968 Shibano alikwenda Marekani kwa mchango uliokusanywa na mashabiki ili kuhudhuria mkutano wa dunia uliofanyika California. Mwaka 1970, wakati Osaka ikiwa mwenyeji wa Maonesho ya Dunia, Japani ilifanya kongamano la kimataifa lililowakutanisha waandishi kama Arthur C. Clarke na Brian Aldiss na wenzao kutoka Umoja wa Kisovieti. Katika mwaka huohuo ilianza Tuzo ya Seiun, ambayo mshindi wake huchaguliwa kwa kura za washiriki wa mkutano wa taifa. Jambo hili la mwisho ni la msingi. Tuzo iliwapa wapenzi mamlaka ya kutamka hadharani kipi ni bora, na ndiyo maana suala la nani aingie mkutanoni halikuwa dogo: aliyeingia alipiga kura.

5. Wageni wawili: watazamaji na wasichana

Katika miaka ya 1970 milango ilisukumwa na makundi mawili. La kwanza lilitoka kwenye televisheni. Tetsuwan Atomu ya Tezuka ilikuwa imerushwa tangu tarehe 1 Januari 1963, na watoto walioitazama walikuwa sasa vijana. Mwezi Oktoba 1974 ulianza mfululizo wa Uchū Senkan Yamato, kisa cha manowari ya zamani iliyogeuzwa chombo cha anga ili kuiokoa dunia. Watazamaji walikuwa wachache, kwani saa ileile kituo kingine kilionesha katuni ya Heidi, na mfululizo ulikatishwa baada ya vipindi 26. Lakini waliobaki hawakukaa kimya. Waliunda vilabu, wakaandikia vituo barua za kuomba urudiwe na, kwa kuwa mashine za video zilikuwa ghali, wakarekodi sauti ya vipindi kwenye kaseti na kuisikiliza tena na tena. Filamu iliyounganishwa kutokana na vipindi hivyo ilipotoka Agosti 1977, vijana walilala kwenye foleni nje ya kumbi za sinema.

Mkutano wa taifa ulikuwa umeipa Yamato Tuzo ya Seiun mwaka 1975, lakini si wote waliofurahia wimbi hilo. Kwa msomaji aliyejifunza utanzu kwa kuchambua tafsiri neno kwa neno, kijana aliyejua wimbo wa katuni tu hakuonekana kuwa mwenzake. Tsutsui aliipa hali hiyo jina lililodumu alipozungumzia kupenya na kusambaa kwa bunilizi za kisayansi, kaulimbiu ya mkutano wa mwaka 1975 uliofanyika Kobe. Kauli hiyo ina pande mbili: utanzu umepenya katika utamaduni mzima, na kwa kusambaa huko mipaka yake imefifia. Wengine waliisikia kama ushindi, wengine kama tanzia.

Kundi la pili, ambalo wanahistoria wengi hulitaja kwa ufupi mno, ni wasichana. Tarehe 21 Desemba 1975 kikundi cha wahakiki kilichojiita Meikyū kilifungua Tokyo soko la kwanza la majarida ya wapenzi wa vibonzo, Comic Market. Vikundi 32 vilileta machapisho yao, na watu wapatao 700 walihudhuria, wengi wao wakiwa wanafunzi wa kike wa sekondari. Soko hilo lilianzishwa baada ya mpenzi mmoja kukataliwa kushiriki katika mkutano mwingine wa vibonzo kwa sababu alikuwa ameukosoa. Waanzilishi wakaazimia kuwa na mahali ambapo asiyetakiwa kwingine angepokelewa.

Wasichana hao walikuwa wakisoma vibonzo vya watunzi wa kike ambao wakati uleule walikuwa wakiibadili sura ya anga za mbali. Hagio Moto alichapisha mwaka 1975 kisa cha wanafunzi 11 waliojikuta katika chombo kilichopaswa kuwa na 10. Takemiya Keiko alipata mwaka 1978 Tuzo ya Seiun ya kwanza kutolewa kwa vibonzo, na Hagio akaipata mwaka 1980. Katika fantasia, Kurimoto Kaoru alianza mwaka 1979 mfululizo wa Guin Saga, akikusudia vitabu 100. Hadi kufariki kwake mwaka 2009 alikuwa amekwisha kuvuka idadi hiyo. Kura za mkutano ndizo zilizoamua, na ziliamua kwamba kazi zilizosomwa kwanza na wasichana ni sehemu ya utanzu. Kilichokuwa mlango wa nyuma kikawa mojawapo ya milango mikuu.

6. Kutunga: Osaka, 1981 na 1983

Tendo la tatu lilijitokeza kwa ukamilifu katika mkutano wa mwaka 1981, ulioitwa Daicon III. Wanafunzi wa Osaka, wakiwemo Anno Hideaki, Yamaga Hiroyuki na Akai Takami, walitengeneza kwa mkono filamu fupi ya ufunguzi yenye msichana mdogo aliyepewa maji ayapeleke kwenye figili. Figili kwa Kijapani ni daikon. Jina la mkutano lenyewe lilikuwa mzaha. Njiani msichana anapambana na roboti na madubwana ambayo kila mtazamaji ukumbini aliyatambua. Filamu ya pili, ya Daicon IV mwaka 1983, ilikuwa bora zaidi kiufundi, na Desemba 1984 kundi hilo likaanzisha studio ya Gainax.

Filamu hizo zinaonesha kwamba mkutano haukuwa mahali pa kusifu kazi za wengine tu. Kumtambua kila dubwana kulikuwa ujuzi wa shabiki. Kulichora upya kulikuwa mwanzo wa utunzi. Hoshi alipita njia hiyo kwa kalamu na karatasi ya kurudufu, Anno kwa brashi na kamera. Vyombo vilibadilika, mwendo ukabaki uleule.

Mwaka huohuo wa 1983 shabiki alipata jina jipya. Katika safu ya jarida moja la vibonzo, Nakamori Akio aliwaita vijana hao otaku. Neno hilo ni namna ya adabu ya kumwita mtu asiyezoeleka, kwa kutaja nyumba yake badala ya nafsi yake, na mashabiki walikuwa wakiitana hivyo mikutanoni. Nakamori alilitumia kwa dhihaka. Hivyo salamu ya heshima iliyobuniwa na wageni ili wafahamiane ikageuzwa kuwa tusi la walio nje.

7. Hitimisho

Inaweza kupingwa kwamba maelezo haya yanalipuuza soko. Ni kweli kwamba bila Hayakawa, vituo vya televisheni na watengenezaji wa vinyago, jumuiya hii isingekua kwa kasi ile. Hata hivyo mpangilio wa matukio ni muhimu: Uchūjin lilitangulia S-F Magazine, barua za mashabiki zilitangulia filamu ya Yamato, mkutano wa Osaka ulitangulia studio. Mara nyingi soko lilikuja kuvuna mahali ambapo wapenzi walikuwa wamekwisha kulima.

Kuhusu nani ni shabiki, ushahidi unaonesha kwamba kila kizazi kilijaribu kufunga mlango ambao chenyewe kilipitia, na hakikufaulu. Jambo hili lina athari kwa utafiti. Mtafiti atakayetegemea riwaya zilizoshinda na filamu zilizofanikiwa ataiona jumuiya kwa macho ya walioshinda. Sauti za wasichana wa mwaka 1975 na za waliorekodi kaseti zimo katika majarida ya kurudufu yaliyochapishwa kwa nakala chache na kutupwa kwa wingi. Kufunguliwa mwaka 2009 kwa maktaba ya kumbukumbu ya Yonezawa Yoshihiro, mmoja wa waanzilishi wa Comic Market, katika Chuo Kikuu cha Meiji ni hatua ya kuziokoa. Karatasi hizo ndizo nyaraka za msingi za historia hii, na zikipotea itabaki historia ya bidhaa, si ya watu waliozipenda.